Mto Uliohama

Kabla serikali haijakitaka kilima, hakuna mtu aliyewahi kumwonea Muindi wivu. Angeonewa wivu wa nini? Alikuwa na mawe, mbuzi wa kuruka juu ya mawe hayo, na nyumba ya mabati iliyolia kila upepo wa Agosti ulipovuma. Baba yao alipogawa ardhi, aliufanya mto Syuuni kuwa mpaka, kisha akamwambia mzaliwa wa kwanza achague upande autakao. Nyamai alichagua bonde. Muindi, kitinda mimba, alipokea kilima na kusema asante, na watu waliokuwepo walitazama chini ili wasicheke.

Tangu siku hiyo, kumhurumia Muindi kulikuwa moja ya raha za maisha ya Nyamai. Mvua ikikosa, alimpelekea debe la mahindi na kulishusha pale ambapo wapita njia wangeliona. Maembe yakiiva, alimwita mdogo wake aje ale hadi ashibe. Na Muindi alikuja kila msimu, akaketi kwenye gogo, akala huku maji ya embe yakimtiririka hadi kwenye viwiko, akasema, "Ndugu yangu, una mkono wa kupanda." Nyamai aliyapenda sana maneno hayo.

Alikuwa na haki ya kuyapenda. Ujanani, ardhi ikiwa imekwisha kugawanywa, alifanya kazi ya kujaza mafuta katika kituo cha petroli kule Mtito Andei, na jioni, zamu ikiisha, alienda darasa la gumbaru nyuma ya kanisa. Huko ndiko alikojifunza kusoma na kuandika, akiwa mtu mzima mwenye mke na ndevu. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na sanduku la nguo na kifurushi cha vijitabu vya kilimo, akapanda miembe kwenye kipande tambarare kando ya mto. Ukame ulipokausha miembe ya watu wengine, yake ilibaki na majani mabichi. Waliomuuliza siri aliwaeleza habari za samadi, matandazo na kupogoa, na kwa nini mtu anayesoma hawezi kulima sawa na asiyesoma. Muindi hakujua kusoma. Alisikiliza kama wengine, akiitikia kwa kichwa.

Kisha chifu akaitisha baraza katika uwanja wa shule.

Alikuja afisa kutoka wizarani, mtu mnene mwenye sauti ya upole, pamoja na mpimaji wa ardhi aliyeitwa Nasreen, binti kutoka mji wa Mwingi, aliyefunga mtandio wake vizuri na kuvaa buti za kazi. Afisa alieleza kwamba serikali ilikuwa imetenga fedha katika bajeti ya mwaka huo kwa ajili ya kambi ya wanajeshi wa akiba. Fedha zilikuwa za namna mbili. Za kwanza ni za kununua ardhi, na hizo zilikuwa tayari. Za pili ni za ujenzi wa mabweni, ghala na uwanja wa kulenga shabaha, na hizo zingefuata ardhi ikishapatikana. Lakini fedha za ardhi zisipotumika kabla ya Juni kwisha, zingerudi hazina, na kambi ingejengwa kwingine.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini wamechagua kwao, mahali pasipo na lami.

"Kwa sababu ya kile kilima," afisa alisema, akikinyooshea kidole. "Risasi inahitaji mahali pa kufia."

Watu wakageuka kukitazama kilima cha Muindi kana kwamba kilikuwa kimesimama pale asubuhi hiyo tu.

Nasreen alitandaza ramani juu ya boneti ya gari. Nyamai, ambaye katika wazee wa rika lake ndiye peke yake aliyejua kusoma ramani, alisogea mbele akavaa miwani. Alifuata mstari mwekundu kwa kidole. Mstari ulizunguka kilima chote, ukateremka kwenye malisho ya mbuzi, ukafika mto Syuuni, ukafuata ukingo wa mto hadi mwisho wa karatasi. Haukuvuka. Aliurudia tena mstari huo kwa kidole, polepole zaidi.

Akauliza kwa Kiswahili safi ikiwa haikuwa busara kuchukua na bonde pia, maana wanajeshi wangehitaji mahali tambarare pa gwaride. Afisa alimjibu kwa heshima kwamba bonde ni ardhi ya kilimo, tena wamesikia sifa za maembe yake. Serikali haikutaka kumsumbua mzee mwenye bidii kama yeye. Watu wakampigia makofi. Ilikuwa mara ya kwanza Nyamai kupigiwa makofi akatamani yakome.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu kwake. Fidia ilikuwa bado kulipwa, lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kumhesabu Muindi kuwa mtu mwingine. Katika hoteli ya chai pale sokoni kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki kisichokuwa na ufa, na kwa miaka mingi kilikuwa cha Nyamai bila mtu yeyote kusema hivyo. Siku moja aliingia akamkuta Muindi amekikalia kiti hicho kwa wasiwasi, ukingoni, kama mtu aliyelazimishwa. Muindi alisimama mara moja kumpisha. Mwenye hoteli akamshika bega akamrudisha chini.

"Kaa, Mheshimiwa. Mzee atapata benchi."

Kanisani, mchungaji aliomba watu wainue mioyo kwa ndugu ambaye Bwana amemkumbuka, na macho yote yakaenda kwa Muindi, aliyeinamisha kichwa akachezea kofia yake. Nyamai aliwahi kulitolea kanisa hilo mabati ya upande mzima wa paa. Alijaribu kukumbuka ikiwa mchungaji aliwahi kusema Bwana amemkumbuka yeye. Hakukumbuka. Labda Bwana huwakumbuka wale tu ambao alikuwa amewasahau.

Wakaanza kuja madalali wa ardhi. Walikuja kwa pikipiki na magari madogo, wakiulizia kwa Muindi, na kwa kuwa njia ilipita penye boma la Nyamai, ni yeye aliyelazimika kuwaelekeza. Wengine walitoka Kikima wakisifu udongo wa kule milimani. Wengine walitoka Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako, walisema, kipande cha ardhi leo ni duka kesho. Wavinya, mke wa Muindi, alionekana na leso mpya. Nyamai aliiona kwa mbali, ikipepea kwenye kamba ya nguo upande wa pili wa mto, nyekundu na nyeupe, na kutwa nzima macho yake yalirudi pale.

"Ni leso tu, Baba Mutie," Ndila mkewe alimwambia. Alikuwa akipepeta ndengu na hakuinua uso.

"Nimesema kitu?"

"Hujasema. Lakini umepogoa huo mwembe mpaka umebaki fimbo."

Jioni moja Muindi mwenyewe alivuka mto, akaleta sukari na majani ya chai, jambo ambalo halijawahi kutokea, maana kila siku vitu vilivuka kutoka huku kwenda kule. Alitaka ushauri. Madalali walikuwa wakimchanganya, na Nyamai ndiye aliyejua mambo ya karatasi. Je, achukue Malili? Nyamai alinywa chai iliyotiwa sukari ya mdogo wake, akaiona tamu kupita kiasi, akasema mtu aliyezoea mbuzi asijitie katika mambo ya barabara kuu. Muindi akasema labda ni kweli. Akashukuru, akaondoka. Hata kule kushukuru kulimchoma Nyamai.

Wazo lilimjia kule hotelini, akiwa kwenye benchi. Kasyoki, mama mmoja aliyekuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha kazi za pamoja kilichojenga bwawa la mchanga mtoni, alikuwa akisimulia habari za zamani. Bwawa la mchanga ni ukuta wa saruji unaojengwa kukatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji chini. Kasyoki alisema kwamba mwaka ule wa mvua kubwa, bwawa likiwa bado jipya, maji yalikosa pa kupita, yakazunguka ukuta na kujikatia njia nyingine. Mto ulihama, alisema, na wanawake wakalazimika kutafuta njia mpya ya kwenda kuchota. Akaendelea na habari nyingine.

Nyamai hakusikia hizo nyingine. Mwaka huo wa mvua kubwa yeye alikuwa Mtito Andei. Aliporudi baada ya miaka mingi aliukuta mto pale ulipo, na hakuwahi kufikiri kwamba zamani ulipita mahali pengine. Aliondoka bila kumaliza chai, akaenda kusimama ukingoni. Upande wake, ukingo ulikuwa umesimama wima, umekatwa na maji, na mizizi ya nyasi ilining'inia hewani. Mtu yeyote angeona kwamba mto ulikuwa ukila ardhi yake. Kama ulikuwa ukiila kidogo kidogo kila mwaka, basi mwaka ule wa mvua kubwa uliila kwa mkupuo mmoja. Basi ardhi yake nyingine ilikuwa kule ng'ambo, kwenye malisho ya mbuzi wa Muindi, ndani ya mstari mwekundu.

Usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu baraza.

Alipeleka pingamizi kwa chifu, akiliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho karani alikisifu. Alisema baba yao aligawa ardhi kwa mto wa zamani, si huu, na akataka mpaka wa kweli utafutwe kabla ya mtu kulipwa. Chifu alilisoma, akakuna shingo, akamkumbusha kwamba Mei ilikuwa ikielekea mwisho. Nyamai akasema haki haina kalenda. Ikabidi shamba lote la Muindi liandikwe kuwa na mgogoro, na malipo yake yakasimama wakati majirani ambao mstari mwekundu ulikata vipande vya mashamba yao wakiitwa benki.

Sasa kijiji kikagawanyika. Kama kilima kisingepatikana, hakungekuwa na kambi, na vijana waliotarajia vibarua vya ujenzi walianza kumpita Nyamai bila kumsalimu. Ndila alipika, akapakua, akaketi mbali naye. Leso nyekundu ilitoweka kwenye kamba. Nyamai alijikuta akiitafuta kwa macho, na aliporidhika kwamba haipo, alijisikia nafuu kidogo, kama mtu aliyefungua kifungo cha shati lililombana.

Muindi alikuja tena. Hakuleta sukari. Alisimama nje ya uzio wa mnyaa, kofia mkononi.

"Mwanaa mwaitu," alisema, kwa neno lao la utotoni la mtoto wa mama mmoja, "ondoa lile neno kwa chifu. Tusifukue mto."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi kwa ajili yangu."

"Basi acha wafukue."

Muindi alitazama miembe, iliyokuwa imesimama nyuma ya kaka yake, mikubwa na ya kijani katikati ya nchi iliyokwisha kukauka. "Sawa," akasema, akavaa kofia. Nyamai alimwona akivuka mchanga akiwa ameinama, akajiambia kwamba hivyo ndivyo anavyotembea mtu anayejua kuwa amekalia mali ya mwingine.

Siku ya kutafuta mpaka, watu walikuja kama wanaokuja arusi. Kulikuwa na chifu, Nasreen na vyombo vyake, wazee wa ardhi wakiongozwa na Mutunga, na Kasyoki aliyeitwa kama shahidi. Alipoulizwa mto ulipita wapi zamani, Kasyoki alisema kweli hawezi kuonyesha, maana yeye alikaa upande wa bwawa, na baada ya mafuriko kila kitu kilikuwa tope jekundu. Mutunga akasema hapakuwa na haja ya kubishana. Watu wa huku wamezaliwa wakichimba mchanga kutafuta maji, na kila mtu anajua kwamba mahali mto ulipowahi kulala, kitanda chake hubaki chini, hata ukifunikwa na udongo gani. Wachimbe.

Nyamai aliwaongoza hadi ng'ambo, kwenye malisho, akakanyaga kwa kisigino mahali alipotaka. Jonah, mchimbaji wa visima, alivua shati akashika sururu. Ulitoka udongo mwekundu. Chini yake ukatoka udongo mwekundu mgumu zaidi, halafu changarawe, halafu jiwe. Nyamai akasema wasogee mbele kidogo. Jonah akasogea, akakuta vilevile. Wakasogea tena. Jua lilikuwa limepanda, na vijana waliokaa kwenye mawe walianza kutoa shauri kwamba mzee awachimbishe hadi Tanzania.

"Na upande ule?" Nasreen aliuliza, akionyesha bonde. "Tumejaribu upande mmoja tu."

Muindi aliinuka, akasema haina maana, watu wamechoka, warudi nyumbani. Ni haraka hiyo ya Muindi iliyompa Nyamai nguvu.

"Chimbeni hata kwangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Chimbeni katikati ya maembe. Mtakuta udongo nilioutengeneza mwenyewe kwa samadi, tangu juu hadi chini."

Walivuka wote. Jonah alichagua nafasi kati ya miembe miwili, akaanza. Juu kulikuwa kweusi, kumejaa minyoo na majani yaliyooza, na Nyamai aliwatazama wazee kuhakikisha kwamba wameona. Jonah alizama hadi magotini. Alipofika kiunoni, sauti ya sururu ilibadilika. Haikuwa tena ya kukata, ilikuwa ya kukwaruza. Alichota kwa koleo, akamwaga kando ya shimo.

Ulikuwa mchanga. Mchanga mweupe wa mto, safi, wenye chembe kubwa, wa aina ile ambayo malori huifuata kutoka Nairobi. Koleo la pili lilitoka na mchanga mwevu. Na mizizi ya miembe ilikuwa imeufuata, minene kama vidole, imezama ndani yake kutoka pande zote. Jonah alisimama, na huko chini, kuzunguka miguu yake, maji yakaanza kujikusanya polepole.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa kijana mmoja nyuma kabisa. "Kumbe maembe yalikuwa yakinywa kwa mrija."

Kicheko kilipita katika umati, kikafika kwa wazee, na hata chifu akageukia upande mwingine. Nyamai hakugeuka. Alikuwa akiangalia mizizi.

Nasreen alisubiri hadi wakanyamaza. Alieleza bila kejeli, kama mtu anayeeleza hesabu. Kama mpaka ni mto wa zamani, basi mto wa zamani ndio huu ulio chini ya maembe. Kilichoko kati ya shimo hili na mto wa leo, ukingo mzima na zaidi ya nusu ya miembe, kilikuwa upande wa Muindi wakati baba alipogawa. Na kwa kuwa serikali inachukua shamba lote la Muindi, yeye Nasreen atalazimika kuusogeza mstari hadi hapa, na fidia ya miti hiyo itakwenda kwa mwenye ardhi. Lakini kama mpaka ni mto wa leo, mambo yabaki yalivyokuwa, na mgogoro umekwisha.

"Mzee Nyamai," alisema, "pingamizi ni lako. Linasimama?"

Hakukuwa na kicheko sasa. Ndila alikuwa amefika karibu, mikono ikiwa imeshika ncha za leso yake. Maembe yale ndiyo yaliyosomesha watoto wao, na ndiyo yaliyowanunulia hayo mabati ya kanisa.

Nyamai alimtazama mdogo wake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile. Niliuona mto ukihama kwa macho yangu."

"Na ulikaa kimya."

Muindi aligeuza kofia mikononi. Alionekana kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. "Ulirudi kutoka Mtito huna kazi. Ulishusha sanduku, na kabla hujalifungua ukaanza kuchimba mashimo ya miche. Nilisimama kule juu nikakuona. Mimi ningekuja kukuambia nini? Kwamba uipande mahali pengine?" Akamgeukia Nasreen. "Madam, mpaka ni mto huu tunaouona. Baba alisema mto. Mto ni ule wenye maji."

"Nashukuru, lakini hilo halitoki kwako," Nasreen alisema. "Linatoka kwa aliyepinga."

Basi ilimbidi Nyamai aseme mwenyewe. Aliyetaka kupewa haki mbele ya watu alitakiwa sasa kupokea zawadi mbele ya watu hao hao, na kutoka kwa mtu ambaye maisha yote yeye ndiye aliyekuwa akimpa. Kwa dakika moja alitaka kukataa. Alitaka kusema lichukueni bonde, ng'oeni miti yote, ili asidaiwe wema na Muindi hadi kufa. Neno hilo lilifika hadi kwenye meno. Ndila akakohoa.

"Mpaka ni mto wa leo," alisema.

Mutunga akaweka mkono kwenye sikio. "Wazee wa nyuma hawajasikia."

"Mpaka," alisema Nyamai, kwa ile sauti yake ya baraza, "ni mto wa leo."

Fidia ililipwa kabla ya Juni kwisha. Muindi alinunua ardhi Malili, si kando kabisa ya barabara kuu bali nyuma kidogo, mahali ambapo mbuzi wangepata nafasi. Tingatinga lilikuja kukata njia ya kwenda kilimani, na vijana wakapata vibarua, wakaanza kumsalimu Nyamai tena, ingawa salamu zao zilikuwa na tabasamu lisilokwisha mapema. Katika hoteli ya chai alirudishiwa kiti chake. Alikikalia, lakini hakikuwa na raha ya zamani.

Fedha angeweza kuzizoea. Hata Malili angeizoea. Kitu alichoshindwa kukizoea ni kwamba mdogo wake alikuwa amekaa kwenye gogo lile kila msimu, akila maembe ya ardhi yake mwenyewe, akisikiliza hotuba za samadi na kupogoa, akisema, ndugu yangu, una mkono. Nyamai asingeweza kufanya hivyo hata msimu mmoja. Alijijua. Angesema siku ya kwanza, mbele ya watu. Muindi asiyejua kusoma alikuwa na kitu ambacho yeye hakukipata gumbaru wala vitabuni, na wivu huu ulikuwa mbaya kuliko ule wa fidia, kwa sababu hakukuwa na ofisi ya kuupelekea pingamizi.

Siku ya kuhama, lori likiwa limekwisha kupakiwa, Muindi alivuka mto kuaga. Wakasimama kwenye maembe. Hawakulitazama shimo, ambalo lilikuwa bado wazi.

"Nilitaka kukuomba miche," Muindi alisema. "Ile uliyopandikiza mwenyewe. Wavinya anasema hawezi kukaa mahali pasipo na embe lako."

Nyamai alienda kwenye kitalu, akachagua. Alichagua mizuri, iliyoshika vizuri pale kwenye kiungo. Alijua jambo ambalo mdogo wake hakulijua. Udongo wa Malili ni mweusi na wa kunata. Mvua ikinyesha unashika maji kama sufuria, na mwembe mchanga unaoza mizizi kabla haujamaliza mwaka. Aliifunga miche kwa gunia lenye unyevu, taratibu, akiwa na maneno hayo mdomoni. Muindi angeipanda, ingekufa, angesema labda ni bahati, na watu wangesema maembe mazuri yapo kwa Nyamai tu. Hakuna mtu ambaye angejua. Alifunga fundo la mwisho. Akampa.

Muindi aliipokea kwa mikono miwili, akageuka, akaanza kuteremka ukingo.

"Muindi."

Akasimama.

"Usiipande chini kama hapa. Ule udongo wa kule ni mweusi. Inua tuta kwanza, hadi kiunoni, uchanganye na kokoto, upande juu yake. Na usimwagilie kila siku."

"Hadi kiunoni," Muindi alirudia.

"Nitakuja mimi mwenyewe. Utaharibu."

Muindi alicheka, na Nyamai hakucheka, lakini alisimama ukingoni hadi lori likapotea nyuma ya kilima ambacho sasa kilikuwa cha serikali. Aliporudi, alimkuta Ndila amepiga magoti kando ya shimo, akichota maji kwa kata na kuyamimina kwenye mtungi. Yalikuwa maji safi, yaliyochujwa na mchanga. Wanawake wengine wawili walikuwa wakingojea zamu na vibuyu vyao, na mmoja alimuuliza mwenzake, bila kupunguza sauti, ikiwa amewahi kunywa maji matamu kama haya ya kisima cha Nyamai.

"Nilisema nitalifukia hilo shimo," Nyamai alisema.

"Fukia," alisema Ndila, na akachota tena.